Jino Lililonyamaza: Je, Kweli Nusu ya Watu Wazima Wana Maambukizi ya Ncha ya Mzizi?

Mama yangu mdogo anauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba jijini Mwanza, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mwaka jana gego lake la chini, upande wa kushoto, lilimkosesha usingizi siku tatu mfululizo, akaamua likang'olewe. Kabla ya kumchoma ganzi, daktari alimpiga picha ya mataya yote mawili, na picha ile ikaja na habari ya jino lingine kabisa. Upande wa kulia, chini ya ncha ya mzizi wa gego ambalo hakuwa hata analikumbuka, kulikuwa na kivuli cheusi cha mviringo, ukubwa wa punje ya choroko.

"Mayu, hili la kulia limewahi kukusumbua?"

"Mwaka juzi liliuma, likauma hasa. Nikanywa vidonge vya rangi mbili, likapona."

"Halikupona, mayu. Lilikufa."

Aliponisimulia jioni hakuwa amekasirishwa na gharama. Alichukia kuambiwa kwamba kwa miaka miwili amekuwa akila, akicheka na kuitana na wateja huku amebeba kitu kilichokufa mdomoni, na mwili haukumwambia. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye wa kusomasoma katika ukoo: watu wa namna hii tuko wangapi?

Jibu la haraka lipo, na linatisha kidogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la International Endodontic Journal ulikusanya tafiti zaidi ya 100 kutoka pande mbalimbali za dunia na kukuta kwamba asilimia 52 ya watu wazima waliochunguzwa walikuwa na angalau jino moja lenye maambukizi kwenye ncha ya mzizi. Nusu na ushee. Panda daladala ya Igoma, hesabu abiria, gawanya kwa mbili.

Ila ukiishia hapo utakuwa umeelewa vibaya. Namba ile ni sahihi, lakini haihesabu kile ambacho wengi wetu tunadhani inahesabu.

Mlango mmoja

Tuanze na jino lenyewe. Katikati yake kuna uwazi mwembamba uliojaa nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hicho ndicho kiini cha jino. Damu yake huingia na kutoka kwenye kitundu kilichoko kwenye ncha ya mzizi, ambacho mara nyingi hakifiki hata nusu milimita. Watu wa Mwanza tuna soko linaloitwa Mlango Mmoja. Jino nalo, kwa hesabu ya karibu, lina mlango mmoja.

Kidole kikiumia kinavimba, kwa sababu ngozi inakubali kutanuka. Kiini cha jino hakina pa kuvimbia, kimezungukwa na kuta ngumu kila upande. Jino lililotoboka likiruhusu bakteria wafike ndani, mgandamizo hupanda, damu hukwama mlangoni, na hapo ndipo mtu anatembea chumbani usiku akiwa ameshika shavu. Baada ya siku au wiki kiini kinakufa, na mishipa ya fahamu inakufa nacho. Maumivu yanakatika. Mgonjwa anashukuru dawa aliyoinywa, wakati dawa ilifika mlangoni ikakuta mwenye nyumba keshafariki.

Bakteria sasa wana makazi ambayo askari wa mwili hawawezi kuingia, kwa kuwa askari husafiri kwa damu na damu haipo tena. Sumu yao huvuja taratibu kupitia kile kitundu cha ncha hadi kwenye mfupa wa taya. Mwili hujibu kwa kuondoa mfupa uliopo jirani na mahali pake kuweka kambi ya chembe za ulinzi. Hicho ndicho kivuli kwenye picha: pengo la mfupa. Mara nyingi bakteria wenyewe wamebaki ndani ya mzizi, na kivuli ni uwanja wa mapambano ulioko nje ya ngome yao. Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye vidonge.

Kwamba bakteria ndio chanzo, si "damu chafu" wala upepo wa ziwani, kulithibitishwa kwa namna ninayoipenda. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya wa makundi mawili. Kundi moja lilikuwa la panya wa kawaida. La pili lilikuwa la panya waliozaliwa na kulelewa bila kijidudu chochote. Mabaki ya chakula yaliingia kwenye matundu ya makundi yote mawili. Panya wa kawaida viini vyao vilioza na kufanya majipu. Wale wasio na vijidudu viini vyao vilibaki hai, vingine vikaanza kujenga daraja la dentini mpya (ile sehemu ngumu inayozunguka kiini) juu ya jeraha. Miaka kumi na moja baadaye, Msweden Göran Sundqvist alichunguza meno ya watu yaliyokufa kwa kugongwa tu, bila kutoboka. Yaliyokuwa na kivuli kwenye mfupa yalikuwa na bakteria ndani, karibu yote. Yasiyo na kivuli hayakuwa nao. Jino lililokufa pasipo bakteria linaweza kukaa tu, kimya kabisa, bila kula mfupa.

Kugongwa huko si jambo la mbali kwetu. Ajali za bodaboda, kufungua chupa ya soda kwa meno, mpira wa shuleni: jino la mbele linapigwa, linatikisika, linatulia, na miaka mitano baadaye linageuka rangi ya kijivu. Kuna sababu nyingine ambayo Kanda ya Ziwa inapaswa kuijua zaidi ya wengine, kwa kuwa seli mundu iko huku kwa wingi. Chembe za damu zenye umbo la mundu zikiziba mishipa ile myembamba, kiini kinaweza kufa katika jino zima kabisa, lisilo na tundu hata la sindano. Mgonjwa wa seli mundu anayelalamika taya linauma huku meno yote yakionekana safi hadanganyi.

Kuhesabu mdomo, kuhesabu jino

Turudi kwenye asilimia 52. Hiyo ni hesabu ya watu. Uchambuzi uleule ulipohesabu jino mojamoja, ulipata asilimia 5 tu. Namba mbili za ugonjwa mmoja, moja kubwa mara kumi ya nyingine, na zote kweli.

Tufanye hesabu ya sokoni. Chukua watu 100 wenye meno 25 kila mmoja. Hayo ni meno 2,500, na asilimia 5 yake ni meno 125. Kama yangetawanyika kibahati, kila mdomo ungekuwa na nafasi sawa na mwingine, na karibu watu 72 kati ya 100 wangekuwa na angalau moja. Lakini waliokutwa nayo ni 52. Maana yake meno hayo 125 yamejikusanya: aliye nalo moja mara nyingi analo la pili, na mwingine la tatu. Yanakwenda kwa makundi kama dagaa kwenye mwanga wa taa. Ni hesabu ya kukadiria, kwa kuwa tafiti zilizochanganywa humo hazikuwapima watu walewale, lakini inaonyesha kwa nini picha ya mama mdogo, iliyopigwa kwa sababu ya jino la kushoto, haikunishangaza ilipofichua la kulia.

Swali la pili ni nani aliyehesabiwa. Ukitaka kujua ziwani kuna samaki gani, ukasimama kwenye geti la kiwanda cha minofu, utaandika kwamba Ziwa Victoria ni sangara watupu. Tafiti nyingi za meno husimama getini namna hiyo. Wanachukua picha za watu waliokuja kliniki, na watu hawaji kliniki ya meno kutembea. Uchambuzi wa 2021 ulipotenganisha makundi, wagonjwa wa kliniki za meno walikuwa asilimia 57, na watu wa kawaida waliochukuliwa kutoka kwenye jamii walikuwa asilimia 40. Tofauti hiyo ni kubwa. Ukisikia redioni "nusu ya watu wazima", wewe sikia "nusu ya waliopigwa picha".

Hata hivyo asilimia 40 si kidogo. Wengi wao hawana maumivu wala uvimbe, na hawajui lolote.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote: tunatumia wavu wa matundu gani? Wavu wa sangara wa inchi 6 haukamati dagaa, na hakuna mvuvi atakayekuambia kwa sababu hiyo kwamba dagaa hawapo. Picha ya kawaida ya jino ina matundu makubwa. Tangu mwaka 1961, Bender na Seltzer walionyesha kwa kutoboa mifupa ya mataya makavu kwamba shimo lililoko kwenye sehemu ya mfupa iliyo kama sifongo linaweza lisionekane kabisa kwenye picha, mpaka liguse ganda gumu la nje. Mfupa unaweza kupoteza takribani theluthi hadi nusu ya madini yake kabla kivuli hakijajitokeza. Mashine mpya za picha za pande tatu zina matundu madogo zaidi, kwa hiyo kwa watu walewale huona maambukizi mengi zaidi. Mji ulionunua mashine mpya unaweza kuonekana umeugua ghafla.

Na wavu huohuo huleta pia kisicho samaki. Karibu na mizizi ya magego madogo ya chini kuna tundu la asili la kupitishia mshipa wa fahamu, na likiangukia juu ya ncha ya mzizi kwenye picha linafanana na ugonjwa. Halafu kuna jambo ambalo naona lingepaswa kujulikana zaidi Afrika: wanawake weusi wa umri wa kati ndio wanaoongoza kwa hali isiyo na madhara ambapo mfupa kuzunguka ncha za meno ya mbele ya chini hubadilika muundo. Hatua zake za mwanzo zinatoa vivuli vyeusi vilevile. Meno hayo ni mazima, yana uhai, yanasikia baridi. Hayahitaji kutobolewa, wala kung'olewa, wala dawa. Ndiyo maana daktari mwenye subira haamini picha peke yake: atagusa jino kwa kitu cha baridi, atagonga kwa mpini wa kioo chake, atabonyeza ufizi. Kivuli pamoja na jino linaloruka kwa baridi ni kisa kimoja. Kivuli pamoja na jino lisilosikia chochote ni kisa kingine.

Jino lililoko kwenye ndoo halihesabiwi

Hapa ndipo mimi na takwimu za dunia tunapoachana kidogo.

Fikiria watu wawili walioumwa jino la aina moja mwaka mmoja. Wa kwanza anaishi mahali ambapo kutibu mzizi ni jambo la kawaida. Jino lake linasafishwa ndani, linazibwa, anaishi nalo miaka 20. Wa pili yuko kisiwani Ukerewe, ana mtumbwi wa kuwahi na pesa ya kung'oa tu. Jino linatoka, linaangukia kwenye ndoo. Miaka kumi baadaye mtafiti anakuja na mashine ya picha. Wa kwanza huenda ana kivuli kilichobaki kwenye mzizi uliotibiwa, anaandikwa mgonjwa. Wa pili ana pengo, na pengo halina mzizi wa kuwa na ncha. Anaandikwa mzima.

Kwa kipimo hicho, jamii inayong'oa sana inaweza kuonekana na afya kuliko inayotibu. Kwa hiyo mtu akilinganisha asilimia za nchi mbili bila kuuliza kila mdomo umebakiwa na meno mangapi, mimi huacha kumsikiliza. Huku kwetu kung'oa ndiko kunakojulikana zaidi. Mtu anasema "nakwenda kung'oa jino" kabla hata hajakaguliwa, kama vile anavyosema anakwenda kunyoa. Maambukizi ambayo mapengo ya mama zetu yaliwahi kuwa nayo hayamo kwenye asilimia yoyote.

Kuna namba nyingine ambayo watu huikamata kwa mkia. Kati ya meno yaliyokwisha kutibiwa mzizi, asilimia 39 yalikutwa na kivuli; kati ya yasiyotibiwa, asilimia 3. Nimesikia mtu akihitimisha: "Unaona? Kutibu mzizi ndiko kunakoleta ugonjwa, bora kung'oa." Ni sawa na kuhesabu wagonjwa waliolazwa Bugando, kuwalinganisha na wapita njia wa Makongoro, kisha kusema vitanda vya Bugando vinaua. Meno yaliyotibiwa ni yale yaliyokuwa mabovu tangu mwanzo, ilhali kwenye yale yasiyotibiwa wamo mamilioni ya meno mazima ambayo hayakuwahi kuwa na shida.

Pia picha ni ya siku moja. Mfupa hujirudisha polepole. Kivuli kinaweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine hadi miaka minne, kufutika. Mwenye kivuli kinachopungua na mwenye kivuli kinachokua wanaandikwa mstari mmoja.

Lakini tusiwape mafundi msamaha wote. Sehemu ya ile asilimia 39 ni kazi mbovu kweli: mzizi uliojazwa nusu, njia ya ndani ya mzizi iliyosahaulika (gego la kwanza la juu mara nyingi lina njia nne, na ya nne hujificha), au jino lililozibwa vizuri ndani kisha likaachwa na kizibo cha muda juu miezi sita, mate yakapenya na bakteria wakarudi nyumbani. Kizibo cha juu si urembo. Mgonjwa anayesema "maumivu yameisha, nitarudi nikipata hela" anaharibu kazi nusu ya njia, ingawa mimi ninayeandika haya nimewahi kuwa mgonjwa huyo.

Rangi mbili

Sasa vile vidonge. Duka la dawa la mtaani lina mpango wake kwa mwenye jino: rangi mbili na flaji, ambazo ni antibayotiki, na diklo ya maumivu. Uvimbe unashuka, mtu anarudi kazini. Kumbuka lakini bakteria wako wapi. Wako ndani ya mzizi uliokufa, na dawa husafiri kwa damu isiyofika humo. Kidonge kinatuliza mapigano ya nje, ngome inabaki. Ndiyo maana jino lilelile huvimba tena mwezi wa tatu, wa saba, wa kumi na moja, kila mara dozi mpya, na kila mara bakteria wanajifunza dawa zaidi. Miongozo ya madaktari wa meno, ukiwemo wa chama cha Marekani wa mwaka 2019, inasema kwamba kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri, mahali ambapo jino linaweza kufunguliwa au kung'olewa, antibayotiki mara nyingi haihitajiki kabisa. Tiba ni kuondoa makazi: kusafisha ndani ya mzizi, kuosha kwa dawa ya jamii ileile ya jiki, kisha kujaza na kuziba. Au kung'oa. Ndiyo, kung'oa pia ni tiba halali, tena kamili, pale jino lisipookoleka.

Antibayotiki ina siku yake. Homa, uvimbe unaosambaa shavuni kuelekea jichoni, mdomo kushindwa kufunguka, na hasa uvimbe mgumu chini ya kidevu wa pande zote mbili huku ulimi ukisukumwa juu na kumeza kukawa taabu: hapo si suala la duka la dawa wala la kusubiri kivuko cha kesho. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Ni hospitali, usiku huohuo.

Jambo la ajabu ni kwamba njia rahisi ya kupunguza namba zote hizi ilifanyiwa kazi hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa kwenye shule ya meno ya Dar es Salaam, alianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu: kukwangua uozo laini, kujaza saruji inayoshika kwenye jino, bila mashine na bila umeme. Mbinu hiyo ilienea duniani na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Tundu dogo likizibwa mapema, bakteria hawafiki kwenye kiini, na hadithi ya ncha ya mzizi haianzi. Mwenye tundu linalonasa nyama ya sato kila siku bado hajafika kwenye kivuli. Anayesema "liliuma sana zamani, siku hizi halina neno" huenda keshafika.

Mama mdogo aling'oa la kushoto siku ileile. La kulia alilitibu mzizi kwa safari tatu, akilipa kidogokidogo, na safari hii kizibo cha juu kikawekwa kweli. Baada ya miezi sita akarudi kupigwa picha, nami nikaenda naye. Kivuli kilikuwepo bado, ila kimepungua, kutoka punje ya choroko hadi kitu kama punje ya uwele. Siku ile angepita mtafiti na daftari lake, angemwandika kwenye ile asilimia 52.

"Kwa hiyo bado naumwa?" akauliza.

Daktari akamwonyesha picha mbili kando kwa kando, akapitisha kalamu kwenye ukingo wa kile kivuli, mahali ambapo mfupa mpya ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Mama mdogo akaangalia kwa muda, kisha akauliza alichokuwa amekuja kuuliza: kama sasa anaweza kutafunia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, upande ule.